Nimezima ruhusa zote, mbona matangazo bado yananifuata?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nilipakua programu ya kusoma PDF. Kabla hata sijafungua faili la kwanza, ikaomba namba zote nilizohifadhi, mahali nilipo na mafaili yangu yote. Nikakataa, na kwa hasira nikapita programu moja baada ya nyingine nikizima ruhusa. Wiki hiyohiyo mdogo wangu alikuja nyumbani, tukazungumzia godoro, kwa mdomo tu, sijaandika popote. Jioni simu yangu ikajaa matangazo ya magodoro. Je, simu inanisikiliza? Na kama ruhusa nimeshazima, habari zangu wanazipata wapi? Niachane na Google kabisa, au ninunue simu ya aina nyingine? Mimi natumia Android, mume wangu ana iPhone.

Jibu: Dada, nianze na godoro, maana nahisi ndilo linalokunyima usingizi.

Kwa ushahidi uliopo, simu haikuwa ikisikiliza maongezi yenu ili ikuuzie godoro. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walitangaza matokeo ya kuchunguza programu 17,260 za Android. Moja ya mambo waliyoyatafuta ni hilo unaloliogopa: programu inayowasha maikrofoni kimyakimya na kupeleka sauti nje. Hawakuipata hata moja. Walichokikuta ni programu zilizokuwa zikirekodi video ya kinachoonekana kwenye kioo na kuituma kwa kampuni ya uchambuzi bila mtumiaji kuambiwa. Kurekodi sauti mchana kutwa kungekula betri na bando, na watu wangeshtuka mapema. Isitoshe, Android kuanzia toleo la 12 la mwaka 2021 huwasha alama ya kijani juu ya kioo kila maikrofoni au kamera inapofanya kazi. Simu ya mumeo ina alama kama hiyo tangu iOS 14, mfumo wa iPhone wa 2020: rangi ya chungwa ni maikrofoni, kijani ni kamera.

Naweka tahadhari moja tu. Wale wasaidizi wa sauti unaowaita kwa jina huamka kimakosa. Mwaka 2019 ilibainika kwamba watu walioajiriwa na kampuni za nje walikuwa wakisikiliza vipande vya sauti vilivyonaswa na Siri, msaidizi wa iPhone, na yule wa Google, vikiwemo vilivyorekodiwa bila kuitwa. Januari 2025 ilitangazwa kwamba Apple imekubali kulipa dola milioni 95 kumaliza kesi ya Siri, bila kukiri kosa. Kama humtumii msaidizi huyo, mzime, habari ya maikrofoni iishie hapo.

Sasa godoro lilikufikiaje? Mtu anayezungumzia godoro kwa kawaida hajaanza kulifikiria dakika ile. Mdogo wako yumkini alikuwa ameshaperuzi bei kwenye simu yake siku mbili tatu kabla. Alipofika kwako akaunganisha Wi-Fi ya nyumbani, na kuanzia hapo simu zenu mbili zikawa zinatoka intanetini kwa anwani moja ya IP, yaani namba inayoutambulisha mtandao wa nyumba. Kwa kampuni za matangazo hiyo ni dalili ya watu wa nyumba moja. Namba yako imo kwenye simu yake, yake imo kwenye yako, na haitakuwa ajabu kama mojawapo ya programu zenu ilishazipandisha orodha zote mbili kwenye seva, yaani kompyuta, za kampuni yake. Aliyetafuta ni yeye, aliyeletewa tangazo ni wewe. Hiyo ndiyo njia ya kawaida, na ruhusa ulizozima sasa kwenye simu yako haziizuii.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako la pili. Ruhusa za programu zinalinda kilichomo ndani ya simu: namba, picha, mahali, sauti. Hazilindi unachokifanya ukiwa umeingia kwenye akaunti ya Google au Facebook, wala hazizuii simu ya mtu mwingine kukutaja. Kazi uliyoifanya kwa hasira ilikuwa kazi nzuri, ila ilikuwa nusu.

Hata hiyo nusu ina tundu. Kabla ya Android 6.0 ya mwaka 2015, ukipakua programu ulikubali kila ilichotaka kwa mkupuo, la sivyo hukuipata. Siku hizi unaulizwa ruhusa mojamoja, tena wakati inapohitajika. Lakini kuna moja ambayo kwenye Android ya kawaida huulizwi: kutumia intaneti. Kila programu inayoitaka inapewa papo hapo. Kwa hiyo chochote unachoiruhusu kukiona, ijue kwamba njia ya kukitoa nje inayo tayari. Ndiyo maana swali la kujiuliza unapoombwa ruhusa si kama unaiamini programu. Jiulize: kazi niliyoiitia inahitaji kitu hiki? Msomaji wa PDF hahitaji namba zako. Hahitaji hata mafaili yako yote, kwa sababu Android ina njia ya kuchagua faili moja na kuipa programu hilo moja tu.

Na mara nyingi anayezitaka data hizo siye aliyeandika programu. Programu nyingi za bure hujengwa kwa kuchanganya msimbo (maandishi yanayoiendesha programu) wa mwenyewe na vipande vilivyotengenezwa na kampuni za matangazo na uchambuzi, na vipande hivyo vinatumia ruhusa ileile uliyoitoa. Umemkaribisha mgeni mmoja, kumbe ameingia na wenzake. Mfano maarufu ni ule wa tochi. Mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, iliishtaki kampuni iliyotengeneza programu ya Brightest Flashlight kwa sababu ilikuwa ikipeleka mahali alipo mtumiaji na namba ya utambulisho ya simu yake kwa mitandao ya matangazo. Tochi! Kitu ambacho kazi yake ni kuwasha taa.

Kati ya ruhusa zote, mimi ni mkali zaidi kwenye orodha ya namba, ile ambayo menyu ya Kiswahili huiita Anwani. Si yako peke yako. Ukiitoa unatoa majina na namba za watu ambao hawakuulizwa: mama yako, daktari wako, bosi wako, pamoja na vile vijina ulivyoandika pembeni, "fundi friji" au "mwenye nyumba", ambavyo vinamweleza mtu anayesoma uhusiano wenu wote. Wakopeshaji wa mtandaoni walilijua hilo mapema. Baadhi yao walichota orodha ya namba za mkopaji, na siku ya deni kuchelewa wakawapigia ndugu na wafanyakazi wenzake kumwaibisha. Malalamiko yalipozidi, Google ilibadili masharti ya duka lake, na tangu 31 Mei 2023 programu za mikopo binafsi zimekatazwa kugusa namba na picha za mtumiaji. Ukikutana na mkopeshaji anayekutumia faili la kusakinisha nje ya duka kupitia ujumbe, umeshajua kwa nini anakwepa dukani.

Ukitaka kuona jinsi mtu mmoja anavyoweza kuwatoa wengi, kumbuka sakata la Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kisiasa, lililolipuka 2018. Waliojaza jaribio la kupima haiba kwenye Facebook walikuwa takriban watu 300,000. Facebook yenyewe ilikadiria kwamba waliochukuliwa taarifa walifika milioni 87, kwa sababu programu ile iliruhusiwa kuchota habari za marafiki wa aliyejaza. Hao wengine hawakubonyeza chochote.

Basi namba ziache kwa programu ya kupiga simu, ya ujumbe mfupi, na ya kuchati unayoitumia kila siku. Nyingine zote zinyime. Kwenye iPhone, tangu iOS 18 ya 2024, mumeo anaweza kuipa programu majina machache aliyoyachagua badala ya orodha nzima. Aitumie nafasi hiyo.

Mahali ulipo ni habari nyingine, kwa sababu hapa wanaoomba wengi wana sababu ya kweli. Programu ya nyakati za swala haiwezi kupiga hesabu ya alfajiri wala kuonyesha kibla bila kujua uko upande gani wa dunia. Ombi lake ni halali. Lakini Novemba 2020 chombo cha habari cha Motherboard kilifichua kwamba Muslim Pro, programu iliyopakuliwa na mamilioni ya Waislamu, ilikuwa miongoni mwa zile zilizopeleka data ya mahali kwa kampuni iitwayo X-Mode, na kwamba X-Mode iliwauzia data wateja waliokuwemo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro ikatangaza kuvunja uhusiano huo. Januari 2024 FTC ikaipiga marufuku X-Mode, iliyokuwa imeshabadili jina kuwa Outlogic, kuuza data ya sehemu nyeti walizotembelea watu.

Kwa hiyo kukataa tu hakusaidii mtu anayeihitaji programu. Cha kufanya ni kupunguza. Tangu Android 12, dirisha la kuomba mahali lina duara mbili: mahali hasa na mahali kwa kukadiria. Ukichagua la kukadiria, programu inapewa eneo la kilomita za mraba 3 hivi, basi. Saa ya alfajiri haibadiliki kwa sababu umetoka sebuleni kwenda uani. Hali ya hewa nayo haibadiliki. Anayehitaji kujua mlango wako ni dereva anayekuja kukuchukua na ramani inayokuongoza barabarani, na hao wape wakati wa kuitumia programu tu, au mara hii tu. Ruhusa ya wakati wote usimpe mtu bila sababu unayoweza kuisema kwa sentensi moja. Mimi ninayoikubali ni moja, ya kutafuta simu iliyopotea.

Utasikia kampuni zikisema data hiyo haina jina lako. Mwaka 2013 watafiti walichapisha uchambuzi wa nyendo za simu za watu milioni 1.5 wa nchi moja, wakiwa wameondoa majina. Ilitosha kujua nukta 4 tu za mahali na saa ili kumtofautisha mtu na wengine wote kwa asilimia 95 ya watu hao. Fikiria mwenyewe: ni nani mwingine anayelala kwako na kuamkia kazini kwako?

Sasa ruhusa ambayo hukuitaja, na ambayo ndiyo ya hatari kuliko zote kwenye Android: huduma za ufikivu, zilizowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa kuona, kusikia au kutumia mikono. Programu yenye ruhusa hiyo inaweza kusoma kila kilichoandikwa kwenye kioo, hata ndani ya programu nyingine, na kubonyeza vitufe kwa niaba yako. Msomaji wa skrini kwa asiyeona anaihitaji kwelikweli. Wezi wa akaunti za benki nao wanaipenda kwa sababu hiyohiyo. Ndugu yake ni ruhusa ya kusoma arifa, ambayo humwezesha mtu kuona namba za siri za mara moja zinazotumwa na benki. Ingia Mipangilio, andika "ufikivu" kwenye kisanduku cha kutafutia, uone nani yumo. Ukikuta kisafisha simu, kiongeza kasi ya betri au kibodi yenye mapambo, kizime kisha ukifute bila kusubiri. Hizo za kusafisha simu ningezifuta hata kama hazina ruhusa yoyote. Android inajisafisha vizuri bila msaada wao.

Picha nitazipitia haraka. Kama kamera yako imeruhusiwa kujua mahali, kila picha inabeba ndani yake saa na namba za ramani zinazoonyesha pale ilipopigwa. Mwaka 2019 watafiti walioibua zaidi ya programu 1,300 za Android zinazozunguka ruhusa walikuta mojawapo ikifanya hivi: umeinyima mahali, yenyewe inasoma mahali kutoka kwenye picha. Dawa yake iko pande mbili. Zima mahali kwenye kamera, na programu inapoomba picha chagua chache badala ya zote. iPhone inaliruhusu hilo tangu 2020, Android tangu toleo la 14 la 2023. Kalenda, vifaa vilivyo karibu na mwendo wa mwili zinyime mpaka kitu kigome kufanya kazi. Mara nyingi hakitagoma.

Kabla hatujaenda kwenye akaunti, jioni moja fungua dashibodi ya faragha ya simu yako. Iko ndani ya Mipangilio, upande wa faragha, kwenye Android 12 na kuendelea. Inakuonyesha kwa saa 24 zilizopita ni programu gani imegusa mahali, kamera na maikrofoni, dakika kwa dakika. Usitafute majina ya kutisha. Tafuta saa za ajabu. Programu ya manunuzi iliyoangalia mahali ulipo saa tisa usiku, ukiwa umelala, haina maelezo yatakayoniridhisha. Kwenye iPhone kuna ripoti ya faragha ya programu, tangu iOS 15.2, na hiyo inakwenda mbali zaidi: inataja hata seva ambazo kila programu ilizungumza nazo. Mwambie mumeo aiwashe, aiache wiki moja, kisha mkae muisome pamoja. Mtakuta majina ya kampuni ambazo hamjawahi kuzisikia.

Haya, nusu ya pili. Agosti 2018 shirika la habari la Associated Press lilionyesha kwamba hata mtu aliyezima historia ya mahali kwenye akaunti yake ya Google aliendelea kurekodiwa alipofungua ramani, alipotazama hali ya hewa au alipotafuta kitu. Sababu ilikuwa mpangilio mwingine wenye jina lisilotisha: Shughuli kwenye Wavuti na Programu. Ulikuwa umewashwa tangu mwanzo, na wengi hawakujua kwamba nao unaweka mahali. Novemba 2022 Google ilikubali kulipa majimbo 40 ya Marekani dola milioni 391.5 kuhusu suala hilo. Mpangilio huo upo mpaka leo, na mtu anaweza kunyima kila programu kila ruhusa akauacha umewaka.

Fungua akaunti yako ya Google, nenda sehemu ya data na faragha. Zima Shughuli kwenye Wavuti na Programu, au kama unapenda ramani ikumbuke ulikotafuta, iache lakini washa ufutaji wa kujiendesha kila baada ya miezi 3. Akaunti zilizofunguliwa tangu katikati ya 2020 hujifuta zenyewe, ila baada ya miezi 18, na kwangu miezi 18 ni mingi. Palepale utaona historia ya YouTube. Uamuzi ni wako, ila ukiifuta mapendekezo yatakuwa ya ovyo kwa muda. Shuka hadi kwenye matangazo uzime ubinafsishaji, yaani kukuchagulia matangazo kwa kufuata tabia zako. Matangazo hayatapungua, yatakuwa tu hayakuhusu, na hilo ndilo tunalolitaka. Zoezi zima halizidi muda wa kuchemsha chai.

Kwa Facebook na Instagram kuna ukurasa ambao ningependa kila mtu aufungue mara moja maishani. Ndani ya kituo cha akaunti, kwenye taarifa na ruhusa zako, kuna sehemu ya shughuli zako nje ya Meta, kampuni inayoimiliki mitandao hiyo miwili. Hapo utaona orodha ya maduka, magazeti, programu na tovuti ambazo zimeipelekea Meta habari kwamba ulipita kwao. Futa yaliyopita, kisha katisha na yajayo.

Usidhani ukitumia kivinjari kwa hali fiche (incognito), isiyohifadhi historia, umetoroka. Juni 2025 watafiti wa vyuo vya Ulaya walionyesha kwamba programu za Facebook na Instagram kwenye Android, pamoja na za Yandex, kampuni ya Urusi, zilikuwa zikipokea kutoka kwa kivinjari, ndani ya simu ileile, alama za utambulisho za tovuti alizotembelea mtumiaji, hivyo kuziunganisha na jina lake halisi. Hali fiche haikuzuia. Kufuta kuki, vile vialama ambavyo tovuti huacha kwenye kivinjari, hakukuzuia. Na ruhusa waliyoitumia ni ileile ya intaneti ambayo huulizwi. Meta iliacha siku ileile jambo lilipotangazwa, jambo linalokuonyesha kwamba haikuwa lazima. Somo nililochukua mimi ni la kivitendo: mitandao ambayo huihitaji kila saa ifungulie kwenye kivinjari, programu yake ifute. Ukurasa wa wavuti hauwezi kuchungulia namba zako.

Kitambulisho cha matangazo nacho kifute. Ni namba ambayo programu zote za simu moja huiona ileile, na kwa namba hiyo kampuni mbili zisizojuana hutambua kwamba mteja wao ni mmoja. Kwenye Android kiko Mipangilio, Faragha, Matangazo; ukishakifuta, programu inayokiomba inapewa sifuri tupu. Kwa mumeo, Apple ililazimisha kila programu iombe idhini ya kufuatilia tangu iOS 14.5 ya Aprili 2021. Swali moja tu la ndiyo au hapana, na Februari 2022 Meta ikawaambia wawekezaji kwamba litaipunguzia mapato ya mwaka huo kwa kiasi cha dola bilioni 10. Mumeo azime kabisa hata uwezo wa programu kuomba, asisumbuliwe tena.

Je, ununue simu nyingine? Sioni sababu. Mwaka 2021 profesa wa Trinity College Dublin alipima simu za aina zote mbili zikiwa zimelala mezani, akakuta kila moja inawasiliana na mtengenezaji wake kwa wastani wa kila dakika 4.5. Apple inazibana programu za wengine vizuri zaidi, hilo nalikubali, lakini nayo ina biashara yake ya matangazo. Sababu ya kweli ya kubadili simu ni moja: kama yako imeacha kupokea masasisho ya usalama. Mengi niliyoyataja hapa yamo kwenye Android 12 kwenda juu, na simu isiyofika huko inakunyima hata vitufe vya kujilinda.

Kuachana na Google kabisa kunawezekana. Kuna GrapheneOS, mfumo mbadala wa simu unaotokana na Android, inayowekwa kwenye simu za Pixel pekee na inayokuwezesha kuinyima programu hata intaneti. Kuna pia F-Droid, duka la programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua. Nawaheshimu wanaokwenda njia hiyo, lakini kwa mtu anayetegemea simu kwa benki na kazi siipendekezi kama hatua ya kwanza, kwa kuwa baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi kwenye mifumo hiyo, na wengi wanaoacha vyote siku moja hurudia vyote siku nyingine. Badili kimoja kwa wakati. Anza na kivinjari: Firefox au Brave, na DuckDuckGo kwa kutafuta. Mwezi ujao jaribu Organic Maps, ramani inayofanya kazi bila intaneti.

Kuhusu kuchati: WhatsApp imefunga ujumbe kwa usimbaji wa mwanzo hadi mwisho tangu 2016, yaani yaliyomo haiyasomi. Inachokijua ni nani anazungumza na nani na saa ngapi, na inamilikiwa na Meta. Nakala unayohifadhi mtandaoni haifungwi mpaka uwashe mwenyewe ufungaji huo, uliokuja 2021. Washa leo, ukiandika nenosiri lake mahali pa salama. Signal inakusanya kidogo zaidi. Mwaka 2016 mamlaka za Marekani zilipoidai data za mtumiaji kisheria, ilichokuwa nacho cha kutoa ni tarehe ya kufungua akaunti na ya mara ya mwisho kuunganishwa. Shida yake unaijua: inabidi na mdogo wako ahamie.

La mwisho linahusu ile programu ya PDF na nyingine utakazozifuta baada ya kusoma haya. Kufuta programu kunaondoa kilichomo kwenye simu, hakugusi kilichokwishapandishwa kwenye seva. Kama ulijisajili, fungua programu kwanza, tafuta sehemu ya kufuta akaunti, omba ufutwe pamoja na data zako, subiri uthibitisho wa barua pepe, ndipo uiondoe. Apple inailazimisha kila programu yenye akaunti kuwa na kitufe hicho ndani yake tangu Juni 2022, na Google nayo inadai kiwepo, pamoja na njia ya kufanya hivyo mtandaoni kwa aliyekwisha kuiondoa programu. Ukikitafuta usikione, waandikie kupitia anwani iliyo kwenye ukurasa wao wa dukani, utaje tarehe, na uhifadhi nakala ya barua hiyo.